Kinanda cha Mdomo na Mguu wa Nyatiti

Wahenga walinena kwamba ngoma ya watoto haikeshi. Kwa muda mrefu kinanda cha mdomo kimehesabiwa miongoni mwa ngoma hizo zisizokesha. Ni ala inayoingia mfukoni pamoja na funguo na kitambulisho. Ni ala ambayo mzazi humnunulia mtoto ili anyamaze kulia, kisha akazijutia kelele alizozinunua kwa pesa zake mwenyewe. Katika makala haya nathubutu kuipinga hukumu hiyo. Nimeipiga ala hii katika miaka yote minne ya masomo yangu, nikiipigia nyimbo za kale za Ulaya na nyimbo za kale za ufuo wa Ziwa Viktoria. Kutokana na kazi hiyo nimekumbana na swali ambalo, kwa maoni yangu, linatuhusu sote tunaojishughulisha na lugha na fasihi ya Kiswahili. Sanaa inapohamishwa kutoka chombo kimoja hadi kingine, ni kipi kinachoweza kuachwa nyuma bila madhara, na ni kipi ambacho kikiachwa tumeiacha sanaa yenyewe?

Kwanza tufafanue istilahi. Neno kinanda limebebeshwa mzigo mkubwa katika lugha yetu: ni ala ya nyuzi, ni ala ya vibao inayopigwa kanisani, na kwa wazee wetu lilikuwa pia mashine ya kuchezea santuri. Sisi Wajaluo tunaiita akodioni onanda, na sikio la mwanaisimu halihitaji mwongozo ili kuutambua udugu wa maneno hayo mawili. Akodioni na kinanda cha mdomo nazo ni ndugu wa tumbo moja. Zote mbili hutoa sauti kwa ndimi nyembamba ambazo hutetemeka hewa inapopita. Tofauti ni kwamba akodioni ina mfuko wa hewa unaominywa kwa mikono, ilhali mfuko wa kinanda cha mdomo ni mapafu ya mpigaji. Ama kuhusu muziki wa klasiki, nitalitumia jina hilo kwa maana ya nyimbo ambazo zimeishi kuliko watunzi wake na ambazo haziwezi kupigwa sawasawa pasipo kufundishwa. Msomaji mpenzi ataona baadaye kwa nini sikutaka kulifungia jina hilo ndani ya mipaka ya Ulaya.

Ala yangu niliinunua Jumapili moja katika soko la Kibuye, mjini Kisumu, mahali palipokuwa na rundo la redio zilizofumuliwa. Ina matundu 10 na ndimi 20, kwa kuwa kila tundu lina ulimi mmoja wa kupuliza na mwingine wa kuvuta. Ukipuliza tundu la 4 unapata do. Ukivuta tundu hilohilo unapata re. Tundu la 5 lina mi na fa, la 6 lina so na la. Katika tundu la 7 mpango hugeuka, ti ikapatikana kwa kuvuta na do ya juu kwa kupuliza. Basi ngazi kamili ya sauti inapatikana hapo katikati, baina ya tundu la 4 na la 7. Ukiteremka chini ya hapo ngazi ina mapengo: fa na la hazimo. Hazikusahauliwa. Mpango huo ulienea miongoni mwa mafundi wa Kijerumani wa karne ya 19, ambao Matthias Hohner, aliyeanza kazi yake mjini Trossingen mwaka 1857, ndiye maarufu zaidi kati yao. Walitaka matundu ya chini yatoe mwitikio unaopatana, ili mtu mmoja aweze kuupiga wimbo na kuusindikiza papo hapo. Tangu mwanzo, basi, ala hii ni ala ya kuchagua: ili upate hiki, ukubali kukikosa kile.

Mwalimu wangu wa kwanza hakuwa mpigaji wa kinanda cha mdomo. Alikuwa mwongozaji wa kwaya ya kanisa letu, mtu aliyebandika ukutani karatasi kubwa zilizojaa herufi d, r, m, f, s, l, t. Mfumo huo wa solfa uliendelezwa na kuenezwa na John Curwen nchini Uingereza katika karne ya 19, kutokana na kazi ya mwalimu Sarah Glover, na wamisionari wakauleta Afrika. Ndio uliowawezesha wakulima, wavuvi na akina mama wauza samaki, ambao baadhi yao hawajawahi kuligusa piano, kuimba kwa sauti nne "Haleluya" ya Handel, kazi iliyosikika kwanza mjini Dublin mwaka 1742. Uzuri wa solfa ni kwamba do haifungwi mahali pamoja. Do ni pale mwongozaji anapoamua iwe, na sauti nyingine zote hujipanga kwa kuifuata. Kwa mtu mwenye ala yenye do moja tu, hiyo ni neema. Nilinakili mistari ya sauti ya kwanza kutoka ukutani, nikaandika chini ya kila herufi nambari ya tundu, pamoja na alama ya kupuliza au kuvuta.

Wimbo wa kwanza kunikubali ulikuwa ule wa furaha katika Simfoni ya Tisa ya Beethoven, iliyopigwa kwa mara ya kwanza mjini Vienna mwaka 1824, mtunzi wake akiwa amekwisha kuwa kiziwi. Ukiutazama kwa jicho la solfa unashangazwa na unyenyekevu wake. Takriban wimbo mzima unatembea hatua kwa hatua ndani ya sauti tano, kutoka do hadi so, ila mahali pamoja ambapo unateremka hadi so ya chini. Sauti zote hizo zimo katika kinanda cha matundu 10. Kazi inayosifiwa kuwa kilele cha muziki wa Ulaya inaingia katika mfuko wa shati bila kukunjwa.

Ugumu ulikuwa kwenye pumzi. Mpiga gitaa anaweza kupumua apendavyo, lakini kwa mpigaji wa kinanda cha mdomo kupumua na kupiga ni kitendo kimoja. Ukikutana na sauti nyingi za kuvuta zinazofuatana, kifua hujaa hata pasiwe na nafasi. Zikifuatana za kupuliza, kifua huisha kabla ya sentensi kwisha. Kwa hiyo ni lazima upange mapema ni wapi utapunguza hewa kupitia puani na wapi utajaza. Nilikuwa nikifanya mazoezi Dunga, kando ya ziwa, na huko ndiko nilikoona kwamba ziwa lenyewe lina utaratibu uo huo. Mchana upepo huvuma kutoka majini kuja nchi kavu. Usiku hugeuka, ukatoka nchi kavu kwenda majini. Wavuvi wa omena, ambao huwasha taa zao majini katika usiku usio na mwezi, wanaujua mgeuko huo na wameupangia kazi yao. Hakuna mvuvi anayeulaumu upepo kwa kugeuka. Anachofanya ni kujua saa yake.

Hata hivyo, si kila wimbo hukubali. Kile kipande kifupi cha Beethoven kiitwacho "Für Elise", ambacho wengi wetu tulikisikia kwanza kwenye simu, huanza kwa sauti mbili zinazopokezana, na ya pili iko nusu sauti tu chini ya ya kwanza. Nusu sauti hiyo haimo katika ngazi ya kawaida ya ala yangu. Wapigaji walioshikilia klasiki walilitatua tatizo hili kwa ala nyingine, ile yenye kitufe ubavuni. Kitufe kikibonyezwa, kila sauti hupanda kwa nusu. Ile ya matundu 12 huwa na ndimi 48. Kwa ala hiyo Mmarekani Larry Adler aliwashawishi watunzi wakubwa waache kuidharau. Mwaka 1951 Mwingereza Ralph Vaughan Williams alimtungia kipande cha kinanda cha mdomo, ala za nyuzi na piano. Ngoma ya watoto ilikuwa imekesha ukumbini pamoja na wazee.

Wapo wenzangu chuoni walioniuliza, tena kwa haki, kama hii si kasumba. Mtoto wa Asembo ana nini na Vienna? Jibu langu la kwanza lilikuwa jepesi: Mwalimu Julius Nyerere alipomtafsiri Shakespeare, akatupa "Mabepari wa Venisi" mwaka 1969, hakuwa akiitukuza Uingereza, alikuwa akionyesha uwezo wa Kiswahili. Lakini jibu hilo halikunitosheleza. Mfasiri anayeleta cha mbali nyumbani huku cha nyumbani kikioza bila mtu wa kukibeba, tafsiri yake ina kasoro ambayo haimo katika sarufi. Kwa hivyo nilikwenda Asembo kwa babu.

Babu ni jathum, yaani mpigaji wa nyatiti. Kwa msomaji asiyeijua ala hii, nyatiti ina nyuzi nane zilizotandazwa juu ya mwili wa mti uliofunikwa kwa ngozi. Zamani nyuzi hizo zilikuwa kano za ng'ombe. Siku hizi ni nailoni. Mpigaji hukaa karibu na ardhi, akachomoa sauti kwa vidole vya mikono yote miwili. Katika kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma iitwayo oduong'o, ambayo huigonga ala yenyewe, na mguuni hufunga njuga ziitwazo gara. Juu ya hayo yote, huimba. Mtu mmoja ni okestra na kwaya. Ulimwengu uliisikia ala hii kwa mikono ya Ayub Ogada, ambaye "Kothbiro" yake ilitumiwa katika filamu ya "The Constant Gardener" ya mwaka 2005, na ambaye alifariki dunia mwaka 2019. Aidha, wapenzi wa benga wanajua kwamba vidole vya mpiga gitaa wa benga vilikwenda shule kwa nyatiti.

Miaka mitatu iliyopita babu alipatwa na kiharusi kikaudhoofisha upande wake wa kushoto. Mkono wa kushoto ulikataa kurudi kazini. Nyatiti imetundikwa ukutani, na wanawe wote walifuata kazi za mjini. Nyimbo zake hazijawahi kuandikwa wala kuchapwa. Alizipokea kwa kukaa karibu na waliomtangulia, na baadhi yake zina umri ambao hakuna mtu kijijini anayeweza kuuhesabu. Kwa maana niliyoieleza mwanzoni, nyimbo hizo ni klasiki. Na zilikuwa zimebakia katika kichwa kimoja.

Niliomba anifundishe mmoja. Aliuimba mara tatu, nami nikautafuta kwa matundu. Hapo nikakutana na ajabu: sauti moja ya babu haikuwa mi, wala haikuwa mi iliyoshushwa. Ilikaa baina yao, na kila mara ilikaa palepale, kwa hiyo si kwamba sauti ya mzee ilikuwa imechakaa. Suluhisho lilikuwa kuuhamisha wimbo, do yake ianzie tundu la 2 kwa kuvuta. Ukifanya hivyo, mi huangukia tundu la 3 kwa kuvuta, na ulimi huo wa shaba, ukivutwa huku umbo la kinywa likibadilishwa, hupindika taratibu hata ukaipata sauti iliyo katikati. Hii ndiyo njia waliyoivumbua Wamarekani Weusi wapigaji wa blues, walioichukua ala ya Kijerumani wakailazimisha iseme mambo ambayo Trossingen haikuyafikiria. Baada ya majuma kadhaa niliweza kuupiga wimbo wote. Nikampigia babu.

Alisikiliza hadi mwisho, macho yamefumbwa. Kisha akanena kwa Dholuo, nami nayatoa maneno yake kwa Kiswahili.

"Nyakwara, nyuzi umezipata. Mguu u wapi?"

"Mguu gani, kwara?"

"Wimbo huu unatembea. Sasa umeubeba mgongoni kama mgonjwa." Akatafakari kidogo, kisha akaongeza: "Na mtu atajisifu wapi?"

Alikuwa anazungumzia pakruok. Katika ngoma ya nyatiti, mtu katika hadhira huweza kuusimamisha wimbo kwa kutoa pesa, akajigamba, akamsifu rafiki yake au watu wa kwao, kisha wimbo ukaendelea. Sisi wanafunzi wa fasihi simulizi tungeuita utanzu huu majigambo, tukauwekea fasili na sifa bainifu. Kwa babu ni jambo la kimuundo: wimbo umejengwa ukiwa na milango, na asiyeacha mlango amejenga ukuta. Mimi nilikuwa nimeunganisha sehemu zote bila pengo, kama zilivyo katika noti.

Swali lake la tatu ndilo lililoninyamazisha: "Na wewe mwenyewe, utaimba kwa mdomo upi?"

Hapo nikalielewa lile swali nililoliweka mwanzoni mwa makala. Kinanda cha mdomo kinaweza kubeba sauti za nyatiti, hata zile zilizo baina ya sauti. Lakini kinamnyang'anya mpigaji kinywa chake. Kinachobaki ni wimbo usio na maneno, usio na mguu na usio na mlango wa kuingilia hadhira. Sauti, ambazo mimi nilizihangaikia kwa majuma, zilikuwa sehemu nyepesi kuliko zote kuihamisha.

Hata Beethoven anaingia katika hoja hii. Katika simfoni yake wimbo wa furaha huanza kwa fidla kubwa za sauti nzito, tena kwa upole, kisha ala nyingine zikajiunga, hata mwishowe waimbaji wakaingia na maneno ya mshairi Schiller. Kinanda changu hubeba mstari wa juu tu wa jengo hilo. Tofauti ni kwamba jengo la Beethoven limesimama: maandishi yapo, okestra zipo, na anayetaka kulisikia zima atalisikia. Kwa hivyo muhtasari wangu haumdhuru mtu. Lakini muhtasari wa kitu ambacho hakina nakala nyingine huwa ndicho kitu chenyewe, na kila kilichoachwa nje kimeachwa milele.

Wapenzi wa Kiswahili, tuutazame sasa urithi wetu wa ushairi kwa jicho hilo. Muyaka bin Haji alifariki dunia mwaka 1840. Lau si Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyeshirikiana na mmisionari William Taylor katika kuyakusanya na kuyaandika mashairi yake, na lau si William Hichens aliyeyatoa katika diwani mwaka 1940, leo tungekuwa na jina la Muyaka tu. Hao waliyavusha maneno kutoka vinywani hadi kwenye karatasi, na shukrani zetu kwao hazina budi kuwa kubwa. Lakini tunapofika darasani tunafanya nini? Tunahesabu mizani, nane kwa nane, tunapigia mstari vina vya kati na vya mwisho, tunataja bahari, tunatoka. Tenzi na mashairi yaliyotungwa yaimbwe kwa mahadhi tunayasoma kimyakimya, tena sisi wa bara tukiwa mbali na masikio ya Lamu na Mombasa. Tumezipata nyuzi. Babu angeuliza mguu u wapi.

Sisemi kwamba uhakiki wa maandishi hauna maana. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari lenyewe ni neema. Ninachosema ni kwamba mwenye kuhamisha sanaa, awe mfasiri, mhariri, mkusanyaji wa fasihi simulizi au mpuliza kinanda, anapaswa kumuuliza mwenye sanaa ni kipi kisichoachika, kabla ya kujipongeza kwa kile alichokipata. Mara nyingi jibu litakuwa kitu ambacho hakikuwa na safu katika jedwali lake. Anayekwenda nyanjani na kinasa sauti bila kuuliza swali hilo atarudi na sauti nyingi safi, lakini hatajua hadhira ilitakiwa kuingilia wapi.

Nasi pale Asembo tulipata jibu letu, angalau kwa muda. Kiharusi kilichukua mkono wa kushoto wa babu, lakini hakikuigusa sauti yake, wala mguu wake wa kulia, ambao ndio aliokuwa akiuvisha pete. Sasa nikimtembelea tunagawana kazi. Mimi napiga sehemu ya nyuzi kwa pumzi. Yeye anaimba, na kwa mguu wa kulia anagonga pete juu ya ala kuukuu, ambayo tunaitungua ukutani na kuilaza sakafuni mbele yake. Tunapofika penye mlango, tunanyamaza, na shangazi au jirani yeyote aliyepo hujisifu kwa kadiri ya pumzi yake. Nimeyarekodi yote hayo kwa simu, na nakala nimezihifadhi mahali patatu. Tumekwisha kuzipitia nyimbo saba. Wa nane una sauti ambazo ndimi za shaba zimekataa kabisa kuzipinda, na babu amesema huo nitajifunza kwa nyatiti yenyewe au nisijifunze kamwe.

Juma lililopita alinivisha pete kidoleni kwa mara ya kwanza. Ni nzito kuliko nilivyodhani, na mguu wangu bado unachelewa kufika pale pumzi ilipofika.